Uzi Mwekundu wa Chumba cha Nne

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu kutoka mji ambao barabara zake zimepinda kiasi kwamba leo asubuhi nimempita muuza magazeti yule yule mara tatu, na mara ya tatu akanisalimia kama jirani. Mimi mzima. Begi mliloninunulia nilipostaafu lina gurudumu moja linalolia, lakini hata mimi nalia nikipanda ngazi, kwa hiyo tumezoeana. Mama yako hajambo? Mwambie kaka yake anakula na amevaa sweta.

Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kiti nikilinda picha, na leo kwa mara ya kwanza nimeingia makumbusho kama mgeni. Nilipofika mlangoni miguu ikataka kunipeleka mlango wa wafanyakazi! Unajua nilichotazama kwanza ndani? Kiti cha mlinzi. Cha hapa kina mto, Chiriku. Mto wa kijani, na meza ndogo ya kuwekea chupa ya maji. Nikamwuliza mlinzi, "Bwana, unalinda au umelazwa?" Akacheka mpaka mkuu wake akachungulia.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la chumvi. Kuta nene kama kitanda kilivyo kipana, madirisha yako juu kabisa. Wanasema ukuta bado una chumvi. Nilisubiri mlinzi ageuke, nikagusa, nikalamba kidole. Kweli ina ladha. Mimi, niliyewafokea watu miaka yote hiyo wasiguse! Usimwambie mtu kazini.

Sasa nipe habari. Nani amekaa kwenye kiti changu Chumba cha Nne? Na Bibi wangu wa pichani hajambo? Ikifika saa tisa mchana jua linampiga usoni kupitia dirisha la pili, lazima pazia lishushwe. Na wageni wakiuliza kwa nini yule mama ameinamisha macho, na ule uzi mwekundu mkononi mwake unatoka nje ya picha unakwenda wapi, wajibiwe kama nilivyokuwa nikiwajibu mimi: ana huzuni, kwa sababu aliyeshika upande wa pili wa uzi amekwenda zake.

Ni mimi mjomba wako, msafiri wa uzeeni.


Tarehe 1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imekaa njiani siku ishirini. Mama aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya redio, mahali anapoweka vitu vya maana. Hajambo, ni magoti tu. Amegombana na jirani wa ghorofa ya juu kwa sababu ya maji yanayodondokea nguo zake, wakapatana, wakagombana tena, sasa wanapeana mboga.

Mimi nipo pale pale dirisha la tiketi. Juzi mgeni mmoja aliniuliza iwapo mkewe anaweza kuingia bure kwa kuwa hapendi picha. Nikamwambia wasiopenda ndio huwa wanakaa muda mrefu zaidi.

Chumba cha Nne kimetulia. Jua halimsumbui Bibi wako hata kidogo, usiwe na wasiwasi.

Ila Mjomba, herufi zako zimekuwaje? Ukurasa mzima mistari tisa! Mama anasema umeandika kana kwamba unamwita mtu ng'ambo ya mto.

Tunakukumbuka. Tembea polepole.

Chiriku


Tarehe 24 Machi

Chiriku mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mpe dada yangu pole ya magoti, na hongera ya mboga.

Niko mji wa pili. Hapa kuna mnara wenye ngazi mbili zilizosokotwa pamoja kama nywele. Anayepanda hamwoni anayeshuka, mnasikiana tu. Nilipokuwa napanda nikasikia mtu anahema upande wa pili. Nikasema, "Pole." Akasema, "Asante, bado ngapi?" Nikamwambia, "Wewe unashuka au unapanda?" Akasema hata yeye hana uhakika. Tukazungumza mizunguko sita, akanisimulia mpaka habari za mkwe wake. Nilipofika juu yeye alikuwa ameshafika chini, na sikumwona sura yake hata kidogo. Fundi aliyefikiria ngazi ile alikuwa na akili ya utani.

Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu niliyonunua ina wino mzito. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Lakini nikuulize na mimi. Unasema Chumba cha Nne kimetulia. Jumamosi chumba kile huwa kama soko. Kimetuliaje? Na jua halimsumbui Bibi tangu lini? Dirisha limehama? Halafu hukunijibu ni nani amekaa kwenye kiti changu.

Mjomba


Tarehe 18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Naandika haraka, kuna foleni hapa dirishani, wanafunzi wa shule mbili wamekuja kwa siku moja. Mama anakusalimu. Kiti chako kipo. Kimepigwa vanishi.

Chiriku


Tarehe 6 Mei

Chiriku!

Usishangae mwandiko huu mzuri, si wangu. Mkono umechoka, mlinzi wa makumbusho ya hapa ananisaidia kuandika. Anasema naye pia anakusalimu. Barua yako ya mistari mitatu nimeipata, tutaizungumza siku nyingine, maana leo nina jambo kubwa na sijui nilianzie wapi.

Niko mji wa tatu, mji mdogo wa mawe wenye mto katikati. Makumbusho yake ni nyumba ya mfanyabiashara wa zamani: vyumba saba, sakafu inayolia kila ukikanyaga, dari za mbao zilizochorwa majani. Nilikuja kutazama dari. Katika chumba cha mwisho, karibu na jiko la kuotea moto, kuna picha. Mwanamume amekaa kwenye kigoda, anacheka mpaka mabega yamepanda. Mapajani ana donge la uzi. Uzi mwekundu, Chiriku! Unatoka kwenye donge, unapita sakafuni, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, halafu unatoka nje ya picha upande wa kushoto. Mlinzi akasema, kama anavyowaambia wageni wote, "Hakuna anayejua uzi huu unakwenda wapi."

Nikamwambia, "Mimi najua unakokwenda."

Akanitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa. Nikamwelezea Bibi wangu: kilemba chake, kigoda chake, vigae vyake vyeusi na vyeupe, uzi unaotoka upande wa kulia. Akakaa chini kwenye kiti chake, na kazini hakai ovyo.

Na sikiliza hili. Huyu bwana anacheka, na macho yake yametazama chini kama ya Bibi. Wote wawili wanatazama kitu kimoja! Bibi hana huzuni. Anajizuia kucheka! Miaka thelathini na moja nimewadanganya watu. Kuna mama mmoja aliyekuwa akija kila mwaka kulia mbele ya picha ile, Mungu anisamehe.

Sasa nisaidie. Chukua futi ya kupimia. Pima urefu wa turubai kutoka juu hadi chini. Pima uzi unatoka kwenye ukingo kwa kimo gani, na kigae kimoja kina upana gani. Hapa tumeshapima, mlinzi amekuandikia nyuma ya karatasi hii. Fanya haraka.

Mjomba wako mwenye furaha


Tarehe 29 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, jirani hajambo, mimi sijambo, ila si sana, kwa sababu leo lazima niseme.

Wiki mbili baada ya wewe kuondoka, paa la Chumba cha Nne lilivuja. Walipoziba wakaamua pasiwe tena chumba cha picha. Sasa ni duka la kadi na vikombe. Kwenye kiti chako anakaa muuza kadi. Bibi wako alishushwa ghalani. Ndiyo maana jua halimsumbui, Mjomba. Hakuna jua huko. Mama ndiye aliyesema tusikuharibie safari, nami nikakubali kwa sababu niliogopa ungerudi kwa treni ya kwanza uje upigane na mkuu wa makumbusho.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimbembeleza mtunza ghala anifungulie. Picha ilikuwa imegeuziwa uso ukutani, na nyuma imebandikwa karatasi ya njano. Nikamwuliza karatasi ya njano maana yake nini. Akasema, "Hizo ni za kutolewa. Mchoraji hajulikani, hazina historia. Lori linakuja Ijumaa, zinakwenda kupamba kumbi za mikutano."

Nikapima hapo hapo nikiwa nimepiga magoti. Kimo cha turubai ni sawasawa na cha huko, hakuna tofauti hata ya unene wa kucha. Vigae ni upana ule ule. Lakini uzi, Mjomba, haukutani. Huku unatoka juu, usawa wa goti la Bibi. Huko kwenu unaingia chini kabisa sakafuni.

Nikaenda kwa mhifadhi wa picha, yule wa miwani miwili. Akasikiliza, akatabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto. "Dada wa tiketi," akasema, "picha zenye vigae vyeusi na vyeupe ni nyingi kuliko vigae vyenyewe. Na uzi wenyewe haukutani."

"Haukutani kwa sababu kuna kipande katikati," nikasema. "Uzi unashuka. Kuna kitu sakafuni kinauvuta, na ndicho wanachokitazama wote wawili."

"Nani amekwambia?"

"Mjomba wangu, Mzee wa Kiti."

Hapo akavua miwani moja. Akasema kwamba mwaka alipoanza kazi ni wewe uliyemwambia kuwa picha ya farasi ilikuwa imetundikwa kichwa chini kwa siku mbili na hakuna aliyeona. Mlikuwa hamjawahi kuniambia! Akashuka nami ghalani. Akaitazama picha muda mrefu, akapitisha taa pembeni, kisha akatoa turubai kidogo kwenye fremu. Ukingo wa kulia umekatwa kwa kisu. Kingo nyingine zote zimekunjwa na kupigiliwa misumari kama kawaida, ule wa kulia tu umekatwa. Akabandua ile karatasi ya njano kwa mkono wake mwenyewe, akaitia mfukoni.

Ijumaa lori lilikuja, likaondoka bila Bibi.

Sasa na wewe sema kweli. Mlinzi wa huko ameandika nyuma ya karatasi, chini ya vipimo, maneno haya: "Mwambie aende kwa daktari." Daktari gani?

Chiriku anayesubiri


Tarehe 19 Juni

Mpwa wangu,

Huyo mlinzi nimemfokea, akanifokea zaidi. Ndiye anayeandika hapa na ananitazama niandikishe kila kitu, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Kuhusu Chumba cha Nne, nimekasirika siku moja na nusu. Nilizunguka mji nikijisemea peke yangu. Halafu nikafikiri, ningelijua ningelirudi, na ningelirudi nisingefika hapa, na Bibi angekuwa ukumbini anasikiliza mikutano. Mwambie mama yako nimemsamehe. Wewe bado kidogo.

Haya. Macho. Ilianza kama miaka miwili iliyopita, ukungu jicho la kulia, halafu la kushoto. Nilijua nikisema nitaondolewa kitini kabla ya wakati. Chumba kile nilikijua kwa miguu na masikio, nilikuwa najua mgeni amesogea karibu mno kwa mlio wa ubao tu. Nikastaafu hakuna aliyegundua. Nikasema moyoni, niione miji hii na picha zake sasa, kabla pazia halijafunga. Nikaja. Nimeona mengi, ila yote kama yako nyuma ya kioo kilichopulizwa pumzi.

Nilikuandikia kwamba niliiona picha ya yule bwana. Sikuiona. Niliona doa jekundu na giza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikipumzika nilipomsikia mlinzi akiwaeleza wageni: mwanamume anacheka, donge la uzi mwekundu, uzi unatoka nje ya picha. Niliisikia, Chiriku. Anaeleza vizuri huyu mama kuliko ninavyoona mimi. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena, akauliza kama nina masikio mabovu. Nikamwambia, hapana, macho.

Tangu hapo kila siku baada ya kazi ananipitisha chumba kimoja na kunieleza kilichomo. Tumemaliza vinne. Tafadhali usiniite nyumbani kabla ya cha saba.

Mjomba


Tarehe 11 Julai

Shikamoo Mjomba,

Mama amelia kidogo, halafu akavaa viatu akaenda hospitali ya macho bila hata kumaliza chai iliyokuwa mezani. Daktari anasema kwa maelezo yetu huenda ni mtoto wa jicho, na hilo wanalitoa kila siku kama fundi anavyobadilisha kioo cha dirisha. Umeandikiwa tarehe: 8 Agosti, jicho la kulia kwanza. Jina lako liko kwenye orodha. Mama anasema usipokuja atakuja kukuchukua mwenyewe na magoti yake hayo hayo, na ngazi za kusokotana zitamkoma.

Kwa hiyo maliza vyumba vyako, urudi. Mama anauliza pia, na amenilazimisha niandike: huyo mlinzi ana mume?

Habari za kazi. Mhifadhi wetu na wa huko wameandikiana barua tano za haraka. Wametumiana picha za nyuzi za turubai zilizokuzwa mpaka zikaonekana kama kamba. Wamekubaliana Bibi asafiri, awekwe karibu na yule bwana, ili jambo lijulikane. Anatakiwa mtu wa kumsindikiza, akae na sanduku lake njia nzima. Mkuu akauliza nani aende. Mhifadhi akasema, "Dada wa tiketi. Mimi nilicheka, yeye hakucheka."

Mjomba, mimi sijawahi kuvuka hata ule mpaka wa karibu. Nimekaa dirishani miaka sita nikiwakatia tiketi watu waliotoka kila mahali. Naogopa, na siwezi kulala kwa furaha.

Chiriku


Tarehe 2 Septemba

Shikamoo Mjomba, na pole ya jicho. Mama ameniandikia kwamba operesheni ilikwenda salama na kwamba wewe ni mgonjwa msumbufu: unauliza kila saa kama bandeji inaweza kutoka.

Mji wako wa mawe nimeufika. Sakafu inalia kama ulivyosema. Mlinzi alinijua kabla sijajitambulisha, akanikumbatia mbele ya wageni, akaniuliza habari zako mara nne kabla ya saa sita. Mwambie Mama hana mume, alifiwa zamani. Na mimi nimemuuliza bila aibu.

Sasa kaa vizuri, na awepo mtu wa kukusomea.

Jana walizitoa fremu zote mbili, wakaziegemeza picha ukutani. Tulikuwa wahifadhi wawili (wetu alinifuata baadaye kwa treni), mkuu wa hapa, mlinzi na mimi. Walianza kwa kuzigusanisha. Hazikukaa: vigae havikuendelea, kigae cheusi kiligonga cheusi. Mkuu wa hapa akakunja uso. Mhifadhi wetu akasema, "Sogezeni polepole." Wakasogeza picha ya bwana kulia, kidole kwa kidole. Sisi wengine tulikuwa tumepiga magoti tukitazama mistari ya sakafu. Ilipofika kigae kimoja na nusu, mlinzi akapiga kelele, "Hapo hapo!" Mistari yote ya vigae ikanyooka, kutoka kwa Bibi mpaka kwa bwana, kama ilichorwa jana kwa rula moja. Ni chumba kimoja, Mjomba. Kuta zinakutana. Hata mwanga unatoka dirisha lile lile.

Na Bibi anacheka. Nimesimama naye ghalani, nimesafiri naye siku mbili, sikuona mpaka alipokaa karibu na yule bwana. Amebana midomo kama Mama akiwa kwenye mkutano.

Leo mhifadhi wa hapa amesafisha ukingo wa kushoto wa picha ya bwana, sehemu iliyokuwa imefichwa na fremu, yenye masizi ya lile jiko. Alifuta kwa pamba, pamba nyingine, pamba nyingine. Chini kabisa, karibu na uzi, kikatokea kitu kidogo cha rangi ya chungwa chenye ncha nyeupe. Tukakitazama wote. Mkuu akasema ni ua. Mhifadhi wetu akasema ni mwale wa moto. Mlinzi akainama, akasema:

"Nyie mmesoma sana. Huo ni mkia wa paka."

Ni mkia wa paka, Mjomba. Paka amenyakua uzi, anauvuta katikati ya sakafu, na hao wawili wanamcheka. Paka mwenyewe hayupo. Mtu fulani, wakati fulani, alikata kipande hicho akaondoka nacho.

Wanataka kuandika kwenye lebo ni nani aliyetambua. Wameniuliza waandikeje. Nimesema nitakuuliza wewe.

Chiriku wako, aliyevuka mpaka


Tarehe 21 Septemba

Mpwa wangu Chiriku,

Jirani wa juu alinisomea barua yako, kwa sababu mama yako alikuwa anacheka hawezi kuendelea. Nimeisikiliza mara tatu. Jicho lilivimba likachelewa kupona, lakini jana daktari akaniondolea bandeji, leo nimeisoma mwenyewe.

Nikwambie nilichoona kwanza. Daktari alinionyesha ubao wa herufi, nikausoma mpaka chini, akafurahi, akaandika. Halafu nikageuka, na dada yangu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani. Miaka miwili nilikuwa namwona kama moshi wenye sauti. Sasa nikamwona. Ana mvi mpaka kwenye nyusi. Ana mikunjo miwili hapa kando ya mdomo niliyokuwa siijui. Nikamwambia, "Dada, umezeeka." Akasema, "Wewe je? Hujajiona." Akatoa kioo mkobani. Nilitazama, nikamrudishia haraka. Tukacheka mpaka nesi akaja kututuliza, halafu dada yangu akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.

Lebo waandike: aliyetambua ni mlinzi. Wasiseme yupi. Huyo wa huko ataelewa, nami nitaelewa.

Jicho la kushoto litafanyiwa operesheni mwezi ujao. Baada ya hapo daktari ameniruhusu kusafiri. Vyumba vya huko tulimaliza sita, kimebaki kimoja, na safari hii nataka kuvitazama vyote upya huku yeye akinieleza, nione kama alikuwa ananidanganya. Mama yako anasema anakuja pia. Anasema miaka yote amesikia habari za picha kutoka kwangu na kwako, na sasa kuna paka aliyepotea, na katika ukoo huu yeye ndiye anayejua kutafuta vitu. Ameshaweka viatu vyake vya kutembelea kando ya mlango, na leo asubuhi nimemkuta anafanya mazoezi ya kupanda ngazi, mkono kwenye ukuta, akihesabu kwa sauti.

Mjomba wako